Maji Inakuja

Nyar Karungu, binti wa Karungu, mke wangu,

Nyumbani tuliongea Kijaluo, lakini barua hii ni ya mambo ya ploti, na ploti wewe na mimi tuliuza kwa Kiswahili. Naiandika wazi, yeyote asome. Nimeiandika kwa mkono wangu, mtu wa darasa la tatu, na hakuna aliyenisaidia hata herufi moja. Wenye digrii hapa Ndhiwa wangeshindwa.

Unakumbuka nilivyokuwa. Kutoka Ndhiwa mpaka Sori hakuna shamba ambalo sikulipima kwa miguu yangu. Mimi ndiye dalali wa kwanza sokoni kuwa na mhuri wake. Mteja alikuja na shaka, akarudi kwake anapiga mluzi. Kazi ya mdomo tu. Stima inakuja, nasema. Lami inakuja. Chuo kinakuja. Sikusema uongo. Vyote vinakuja, ni vile tu sikutaja lini.

Na wewe umesimama nyuma yangu na mwavuli wako wa kijani. Ile siku ya mwalimu mstaafu, nilimzungusha ploti nzima, nikamwonyesha lami kwa kidole mpaka karibu aione, halafu akakugeukia.

"Mama, ni kweli lami inakuja?"

"Mwalimu, hiyo lami inakuja tangu nikiwa msichana. Nimeolewa, nimezaa, nimepata wajukuu, bado iko njiani."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Halafu akanunua! Tukirudi nikakuambia umeona, mdomo wangu umeuza. Wewe ulikuwa unabandua nyasi kwenye sketi.

Na kule kwenye gunda, ule mji wa zamani uliohamwa na wenyewe. Nilimwambia daktari wa ng'ombe kwamba udongo ule haujaguswa na mtu. Wewe ukamwambia, "Daktari, hapa wamelala watu watatu. Kanyaga polepole." Alitoka mbio, kofia ikabaki.

"Wewe ni mke wangu ama ni adui?" nilikuuliza.

"Ni mke wako. Ndiyo maana bado unasalimiwa sokoni."

Nilikasirika wiki nzima. Chakula chako nilikula, lakini nilikula kwa hasira.

Sasa ile ploti ya Sori, kando ya ziwa. Hapo ndipo ninapoumia. Ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za watu, lilikaa, halafu likarudi. Likaacha mstari wa tope kwenye ukuta wa ghala lililo pale, usawa wa kifua changu. Wewe uliyezaliwa kando ya maji uliuangalia ule mstari ukasema, "Limefika hapa, na litafika tena." Mimi nikamwambia mwenye ploti apake chokaa. Siku tatu hukunisemesha. Mimi pia sikusema, unajua mimi si mtu wa kuanza.

Tangu tukuzike, wateja wamepungua. Nilisema ni uchumi. Nikasema ni vijana wa simu wanaouza ploti kwa picha. Halafu akaja Mama Boke.

Huyu ni mama wa Ntimaru, Mkuria, mjane kama mimi. Anateremsha ndizi na mahindi mpaka Sori, anarudi na samaki wa omena. Miaka yote amelala kwenye chumba cha kukodi na binti zake wawili, na sasa anataka nyumba yake. Nilimpeleka kwenye ploti ile. Ni tambarare, ni ya kijani, ghala ni jeupe kama kanisa. Alipenda kabla sijafungua mdomo. Nikageuka nyuma nione mwavuli. Hakuna mtu. Sijui ni nini kilinishika, nikaona basi leo niseme mimi.

"Mama Boke, nisikie vizuri. Hapa maji inakuja."

Akashika mashavu. "Kweli, mzee? Inakuja lini?"

"Mvua ikinyesha sana."

"Ee Mungu! Mimi nimebeba mtungi kwa kichwa tangu utoto. Kule kwetu mto uko chini, nyumba ziko juu."

"Hunielewi. Itaingia mpaka ndani ya nyumba."

"Mpaka ndani ya nyumba!" Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mzee, ubarikiwe."

Nyar Karungu, kinywa hiki kilichouza nusu ya Ndhiwa kilishindwa kuzuia ploti moja. Kila nilivyozidi kusema kweli, alizidi kufurahi. Kwa wiki moja alikuwa amemalizana na mwenye ploti, na mafundi wakaanza kuchimba msingi.

Nilirudi. Niliacha maneno yangu yote ya kazi, nikamwambia moja kwa moja: si maji ya mfereji, mama, ni ziwa. Lilifika hapa kifuani. Nikampeleka kwenye ghala nimwonyeshe mstari. Nilikwaruza chokaa kwa kucha, kwa funguo, kwa jiwe. Mstari haukutokea; mwenye ploti alipaka mara nne, mtu mtiifu sana yule. Mafundi waliacha kazi wakaniangalia. Mmoja akasema, "Mzee, umepoteza nini huko ndani ya ukuta?" Wakacheka wote.

Mama Boke hakucheka. Alinivuta kando.

"Nani amekupa zaidi yangu?"

"Hakuna mtu."

"Dalali hawezi kutukana ploti yake bure. Umepata tajiri, unataka mimi nitoke."

"Naapa kwa kaburi la mke wangu."

Hapo akaniambia pole pole, bila ubaya. "Mzee, hapa Sori waliniambia. Zamani watu walikusikiliza wewe lakini waliangalia uso wa mkeo. Akitingisha kichwa, wanaenda zao. Akinyamaza, wananunua. Sasa mimi niangalie uso wa nani?"

Nilitembea mpaka stendi bila kuona njia. Kumbe ile miaka yote. Nami nilikuwa nikirudi nyumbani nakuhesabia wateja wangu, wangu, nawe unanikorogea uji na kusema ndiyo, baba.

Nimejaribu kuwaomba wengine wamwonye. Chifu ameniambia anunuaye ni mtu mzima. Mchungaji amesema ataombea. Ndugu zako wa Karungu wamesema, "Shemeji, leo ndiyo umeona maji?" Hata msomaji wa barua hii, kama unamjua Mama Boke, mwambie wewe, pengine wewe una uso unaoaminika. Mimi nina mhuri tu.

Kuta zimepita linta, juu ya madirisha, na mabati yameanza kupigwa. Jana alinipigia simu, sauti yake tamu kama ya binti anayeolewa. Amenisamehe, anasema uzee unachanganya watu. Jumapili baada ya ijayo anaingia, na ametaka mimi nifungue mlango, maana ndiye niliyempeleka pale. Nilitaka kukataa. Nikasikia mdomo unasema asante, mama, nitakuja.

Anataka niseme maneno mafupi ya kubariki nyumba, mbele ya watu wote, binti zake wakiwa wamesimama pale. Ukiweza kunijia hata kwa ndoto, nijie kabla ya siku hiyo, uniambie niseme nini.

Pumzika huko uliko, mama watoto.

Ni mimi mume wako, yule wa mdomo.