Sofia Ni Mimi, Wewe Utaitwa Mboni

Shoga, nina hasira. Leo ndiyo mama kanieleza kwa nini anaitwa Mboni.

Mwaka sabini na nne katoka kwao Lindi, kapata kazi za ndani Kariakoo. Akasema, "Naitwa Sofia." Mwenye nyumba naye alikuwa Sofia. Akamjibu, "Sofia ni mimi. Wewe utaitwa Mboni."

Utaitwa Mboni. Kama anampa jina paka.

Na jioni ileile bibi huyo kasimama kwenye mkutano wa chama, anahubiri kwamba sote ni ndugu, hakuna bwana wala mtwana. Mama yuko nyuma, kambebea mtoto wake.

Hata marehemu baba alimwoa akimjua kama Mboni.

Sasa hivi nimemwita mama kwa jina lake, "Sofia." Nikarudia. Hakugeuka.