Galaksi Tuliyoiita Tasa

Mama yangu,

Natumai goti limepoa na mahindi ya Kabuchai yamepata palizi ya pili. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku Uingereza tu ndiyo hatupatani. Navaa soksi mbili mbili na bado natetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaisoma tena. Nilikusikia kabisa: "Wafula, dada yako Nekesa amekaa Saboti miaka yote hii bila mtoto. Sasa wakwe wanamfukuza. Nimemwambia asirudi kwangu. Kukhu, mama ya baba yenu, alinijia kwa ndoto akilia, ati jina lake halina wa kulibeba. Mti usiozaa si hukatwa?"

Maneno hayo yameniuma, mama. Acha nikueleze kidogo hii kazi unayoicheka, ati nilisomeshwa ili nikodolee nyota macho.

Nyota huzaliwa kutokana na gesi, na hukaa katika makundi makubwa mno tunayoyaita galaksi. Kuna galaksi zinazozaa nyota bila kupumzika, na nyingine zimenyamaza. Sisi tunatafuta sababu. Kuna moja mimi na mwalimu wangu tuliandika kwamba gesi yake imeisha. Tuliiita tasa. Juzi tukaiangalia kwa darubini inayoona joto kali, na gesi ilikuwa tele, imeizunguka pande zote. Shida ni kitu kizito kilicho katikati yake, kinachoichoma gesi hiyo bila kuipa nafasi ya kupoa. Mafuta yakiwa bado jikoni hayagandi mpaka uyaepue; gesi nayo ikiwa moto haishikani ikawa nyota. Galaksi nyingine hunyang'anywa gesi na majirani zao. Mwalimu alivua miwani akasema, "Tuliisingizia." Nikatoka nje kidogo, maana nilikuwa namfikiria Nekesa.

Nani alimpima mume wake? Nani alikaa katika nyumba ile akasikia anavyosemwa asubuhi na jioni? Tulimtazama kwa mbali tukahukumu. Na ndoto yako siibishii. Lakini nikikumbuka vile kukhu alivyokuwa akimbeba Nekesa mgongoni hadi shambani, sidhani analilia jina. Nafikiri analilia mtoto aliyefungiwa mlango.

Sisemi atazaa. Hata galaksi ile sijui kama itapoa. Nasema ni mtoto wako, azae asizae.

Nisalimie ndugu yangu Simiyu na mkewe, na shangazi wa Bokoli, umwambie maombi yake yananifikia. Mzee wa kanisa naye umpe mkono wangu.

Najua Simiyu ndiye hukusomea barua zangu. Hii sikuituma kwake. Nimeituma Saboti, nikamwomba Nekesa aje akusomee mwenyewe, asiruke neno. Akifika mstari huu atakuwa amechoka, mama, na labda bado amesimama. Mpe kiti.

Mwanao anayekupenda,
Wafula