Mashine Mbili, Leseni Moja

Lushoto,
9 Machi 2003

Mwanangu Yudith,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, ila mvua zimeanza mapema na barabara ya Mombo imefunikwa na udongo mara mbili wiki hii. Natumaini nawe huko Dar es Salaam u mzima na kazi inakwenda.

Kompyuta ilifika salama, haina hata mkwaruzo. Mdogo wako Glory ameiweka sebuleni karibu na dirisha, na ameshachapa mitihani ya shule mbili na kadi za harusi ya binti wa Kristofa. Watu wanapita kuchungulia. Jana mzee mmoja aliniuliza, "Mgosi, hiki kitu kinafikiri chenyewe au kinaambiwa?" Glory ana maringo siku hizi, hata chai anataka kuletewa.

Ila nina neno. Glory alipoweka ile diski uliyotuma, kabla ya programu kuingia ulitokea mkataba, na chini yake kitufe cha kukubali. Alitaka kubonyeza tu. Nikamwambia aondoe mkono. Niliusoma wote, siku tatu, na kamusi pembeni. Unasema hatukununua kitu, tumepewa leseni ya kutumia kwenye mashine moja, na wenyewe wanaweza kuiondoa wakitaka. Mimi nilinunua jembe Mombo, na aliyeniuzia hajawahi kuniuliza nalima mashamba mangapi. Nimekuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo miaka thelathini na moja, na sijaona mkataba ambao upande mmoja haupewi hata kalamu. Mwisho nilibonyeza, kwa sababu walimu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

Sasa kila asubuhi inatuhesabia siku. Zimebaki kumi na tisa, kisha itajifunga mpaka tupige simu nje ya nchi. Nieleze la kufanya.

Mimi baba yako,
Danieli

*

Dar es Salaam,
17 Machi 2003

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele, amina. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linatumaliza.

Barua yako imenichekesha ofisini mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Baba, hakuna mtu duniani anayesoma ule mkataba. Watu wote wanabonyeza. Ile diski niliichukua hapa ofisini Ijumaa, nikainakili, nikairudisha Jumatatu, na kila kitu kiko mahali pake.

Simu isikutishe. Namba ya kupiga inaonekana kwenye kioo, ni ya Afrika Kusini. Nenda posta ukapigie kule. Anayepokea si mtu, ni sauti tu ya mashine. Unaisomea tarakimu zilizo kwenye kioo, ziko hamsini, nayo inakupa nyingine za kuandika. Glory anaogopa Kiingereza cha simu. Nenda wewe, chako kimenyooka.

Msalimie Glory, mwambie chai ajipikie.

Mwanao,
Yudith

*

Lushoto,
6 Aprili 2003

Mwanangu Yudith,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo. Maharage yamepona mvua, kabichi zimeoza kidogo upande wa bondeni.

Nilikwenda posta kama ulivyoniagiza, tarakimu nikiwa nimeziandika kwenye karatasi kwa mwandiko wa mahakama. Ile sauti ya mashine ilinisikiliza mpaka mwisho, ikakataa. Nikadhani simu imekatika, kumbe wananihamishia kwa mama mmoja, mtu wa kweli, mwenye adabu sana. Akaniuliza programu imewekwa kwenye mashine ngapi. Nilimjibu mbili. Akauliza ya pili iko wapi. Nikamwambia iko Dar es Salaam, kwenye ofisi ya bima anakofanya kazi binti yangu, na kwa kuwa jina la ofisi lilimpa taabu nikamtajia herufi kwa herufi. Aliniuliza na jina langu, nikampa. Shahidi anatakiwa kujibu alichoulizwa, kwa kifupi, na hivyo ndivyo nilivyofanya.

Namba hakunipa. Amesema suala letu litashughulikiwa. Siku zimekwisha na mashine imejifunga, na mitihani ya kidato cha pili imo ndani yake. Mwalimu Mussa amekuja mara tatu, na safari ya tatu hakusalimia. Glory hataki hata kula. Fuatilia huko kwako, pengine wameshawaletea jibu.

Mimi baba yako,
Danieli

*

Dar es Salaam,
30 Aprili 2003

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sitauliza habari za shamba.

Jibu wameleta. Juzi walikuja watu wawili na barua ya madai na mkanda wa sauti. Waliuweka mezani mbele ya meneja wetu, Bwana Hashimu, na mimi nikiwa nimesimama nimeshika trei ya chai. Nilisikia sauti yako ikitaja ofisi yetu herufi kwa herufi. Kisha wakauliza ni nani hapa ana baba Lushoto anayeitwa Danieli.

Wanataka kuishitaki kampuni. Leseni ya ofisi wameisimamisha, mashine zote zimejifunga, na wafanyakazi wanaandika kwa mkono wakinitazama. Bwana Hashimu ameniambia nitafukuzwa na kupelekwa polisi kwa wizi wa diski. Miaka tisa ya kazi, baba.

Kuna njia moja. Mwanasheria wa ofisi anasema ushahidi walio nao ni maneno yako tu. Yakionekana hayana uzito, hawana kesi, na mimi nabaki. Ameandaa hati ya kiapo, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Inasema wewe ni mkulima, hujui Kiingereza, hujui kusoma wala kuandika, na siku ile pale posta kuna mtu usiyemjua aliyekuwa anakunong'oneza, nawe ukirudia bila kuelewa. Nenda kwa wakili ukaape. Usitie sahihi. Weka dole gumba.

Mwanao,
Yudith

*

Lushoto,
6 Mei 2003

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Sikujua. Ungeniambia mapema kwamba diski ile uliichukua bila ruhusa, nisingeipiga hiyo simu, na wala mashine nisingeiwasha.

Hati nimeisoma. Ina makosa mawili ya tahajia, mwambie mwanasheria wenu. Tena ni hati dhaifu. Tarakimu hamsini nilizisoma bila kukosea hata moja, nani ataamini zilikuwa za kunong'onezwa? Lakini hata ingekuwa na nguvu, Yudith, mimi ndiye niliyekuwa nawashikisha watu Biblia pale mahakamani. Nimewafundisha watu wazima wa nchi hii kuandika majina yao ili wasibaki kuchovya vidole kwenye wino. Leo niende nikaape kwamba sijui herufi?

Nitakuja mwenyewe. Nitamwona Bwana Hashimu, nimweleze kwamba kosa ni letu sote, na nimwombe msamaha kwa mdomo wangu. Mtu mzima akiombwa vizuri husikia.

Mimi baba yako,
Danieli

*

Dar es Salaam,
12 Mei 2003

Baba,

Shikamoo. Usije. Ukija na huo ukweli wako utanimaliza kabisa.

Nimepewa mpaka tarehe 26. Baada ya hapo ni polisi.

Naomba nikuulize kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Yule mama wa Afrika Kusini hukumjua hata sura. Alipokuuliza mashine ya pili iko wapi, hukuwaza hata kidogo kwamba ni mimi huyo unayemtaja? Ulimheshimu yeye, mimi ukanisahau. Na pale mahakamani ni wangapi walishika Biblia mbele yako wakasema uongo, nawe ukijua, ukaandika tu kwa mwandiko mzuri? Hao hukuwaonea haya. Haya unayaona kwangu.

Wewe ulinifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Sitasahau. Lakini kusoma kwako hakutanitoa polisi.

Yudith

*

Korogwe,
21 Mei 2003

Mwanangu Yudith,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima. Nimeshuka mlima alfajiri na sasa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili. Mbele yangu wamebaki watu wawili. Lushoto nisingeweza, kule kila mwenye muhuri ananijua kwa jina. Hapa mimi ni mzee tu mwenye gamba la udongo kwenye viatu.

Swali lako nimelala nalo siku nne. Ni kweli, sikukuwaza. Nilifurahi kuulizwa swali nililokuwa na jibu lake, na Kiingereza changu kikasikika mpaka huko mbali. Hilo ni kosa langu, na nakuomba radhi. La mashahidi wa uongo nalo ni kweli. Niliandika.

Kwa hiyo nitaapa. Siendi kwa ajili ya Bwana Hashimu wala kampuni. Naenda kwa sababu nakupenda, na siwezi kukuacha ukalala rumande wakati kidole changu kipo.

Ila ujue hivi. Nikitoka humu ndani nitakuwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika, kwa kiapo. Nitasema uongo mara moja. Sitaurudia kila siku kwa kuandika barua na kusoma gazeti kana kwamba sikuapa. Ndiyo maana barua hii naiandika sasa, na bahasha nimeshaiandika anwani. Hati nitaitumbukiza humo nikitoka.

Wameniita.

Danieli

*

Dar es Salaam,
14 Septemba 2003

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo vipi? Mavuno vipi?

Hii ni barua ya nne. Nilidhani ni hasira, itapita. Jana nimempata Glory kwa simu. Ameniambia Jumapili ulipoitwa kusoma somo la kwanza, kama ulivyosoma miaka yote, ulitikisa kichwa ukabaki kwenye kiti, na paroko akaduwaa. Ameniambia gazeti la kanisa linakaa mezani halifunguliwi.

Baba, yamekwisha. Wale watu walipokea hati, wakakubaliana na kampuni, mashine zimefunguliwa. Niko kwenye meza yangu ileile. Hakuna anayekuangalia huko. Nani atajua ukisoma?

Kuna jambo sikuliandika katika barua tatu za kwanza. Hati yako ilipofika, Bwana Hashimu aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Alipofika pale pa mzee wa mlimani asiyejua hata a wala be, akaigiza jinsi unavyoshika simu, watu wakacheka. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti, baba, ili waone sina wasiwasi.

Nijibu hata kwa kunigombeza. Neno moja tu, kwa mkono wako.

Mwanao,
Yudith

*

Lushoto,
28 Septemba 2003

Dada Yudith,

Shikamoo. Anayeandika ni Glory, lakini maneno ni ya baba. Ameniambia nisiongeze wala nisipunguze.

Mwanangu Yudith, Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, mgongo ni ule ule, viazi ni vingi. Barua zako zote nne nimesomewa. Hii ya mwisho nilimwomba Glory anisomee mara mbili, pale uliposema ulicheka. Sijakasirika. Ulikuwa katikati ya watu, ungefanya nini. Ila iliniuma, na sitakuficha kwamba iliniuma.

Unasema hakuna anayeniangalia. Niliapa mbele ya Mungu, siyo mbele ya Bwana Hashimu.

Uje nyumbani ukipata likizo. Tutaongea, sikuapa kwamba sijui kusema. Na uendelee kuniandikia, maana napenda kusomewa barua zako. Nakaa karibu na Glory, taa ikiwa kati yetu. Anasoma haraka mno, na mahali pengine anaruka neno zima. Namwacha.

Dada, hapo ndipo alipoishia. Nilitaka kumwandikia jina lake chini, amekataa. Ameomba wino.