Siku Tisa za Maua ya Soya

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba goti lake limeanza kukunjika bila kelele. Mimi ni mzima wa mwili, ila uchovu umenihamia kama mgeni asiyeaga.

Ulinitania kwamba nilisomeshwa miaka yote ili nikahesabu maua. Cheka tu. Ua la soya ni dogo kama punje ya mchele, limejificha kwapani mwa jani. Leo limefunguka, kesho limenyauka. Kila asubuhi nilipiga magoti kwenye shamba la utafiti na kopo la nyuzi, nikafunga uzi kwenye kila ua jipya, rangi yake kwa siku yake.

Mtafiti wetu, mama asiyecheka na mtu, alituonya tusidanganywe na maua. Alisema mengi hupukutika, hasa jua likikaza. Machache yanayobaki ndiyo hutoa maganda, membamba kama kucha ya mtoto. Ganda hurefuka kwanza, punje hujaa mwisho. Alichotaka kujua ni kama mbegu mpya hushika maganda mengi kuliko ile ya zamani.

Majibu yalipotoka, mbegu mpya ilishinda. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Kisha ikaja barua yako: umeipata mbegu hiyo, utang'oa mahindi na kuipanda shamba zima, maana ni kazi ya mkono wa dada yako. Nilisoma sentensi hiyo nimesimama, nikakaa.

Kaka, sikuyahesabu maua yote. Mwenzangu alihamishwa katikati ya msimu, nikabaki na mistari arobaini peke yangu. Na mama yetu, ambaye kila ukiuliza nakujibu hajambo, hali yake si njema hata kidogo. Hageuki kitandani bila mimi. Namwogesha, namlisha, ndipo naenda kazini mgongo umeshakufa. Siku tisa, wakati maua yakigeuka maganda, nilikaa kwenye banda la vifaa nikajaza fomu kwa kukisia. Mbegu mpya nikaikisia maganda mengi, kwa kuwa kila mtu aliipenda.

Juzi nilimwendea mtafiti nikamwambia yote. Alivua miwani.

“Siku ngapi?”

“Tisa, mama.”

Nilitamani anitukane. Badala yake akasema, “Ungeniambia tu, binti. Ningekuja kuhesabu mwenyewe.”

Majibu yamefutwa. Msimu ujao wanaanza upya, na fomu sishiki tena; naosha trei za miche. Sijafukuzwa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Basi using'oe mahindi. Ukitaka, panda mistari miwili ya soya pembeni uitazame mwenyewe. Huenda ni mbegu njema, huenda sivyo. Hakuna ajuaye, na sababu ni mimi. Nilikuficha hali ya mama nikidhani nakupunguzia mzigo, kumbe niliuongeza. Njoo, kaka. Hata kwa wiki moja. Sitaki kusifiwa wala kusamehewa haraka, nataka mtu wa kumshika mama upande wa pili ninapomgeuza.

Nisalimie wifi na watoto, na majirani wanaoniulizia. Mama anakusalimu; leo amelitaja jina lako mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Kifungua Mimba wa Pili, kama ulivyokuwa ukiniita