Mwezi wa Sita wa Pili

Hai Hau, Nam Dinh
9 Mei 2017

Toan mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Goti la kushoto limeninunia tangu mvua ya juzi, ila bado linanibeba. Nguruwe wazima, bata wazima, na baba yako mdogo Khang ni mzima na sauti yake nzima, kijiji chote kinamsikia. Wewe je? Unakula, au bado unameza tambi za pakiti?

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua haikatizwi.

Umeitazama kalenda ya mwandamo? Mwaka huu una mwezi wa ziada. Mwezi wa sita unakuja mara mbili. Karamu ya kumbukumbu ya babu yako ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, nitaipika katika ule wa kwanza kama nilivyoipika miaka arobaini. Ule wa pili hauna karamu ya mtu yeyote. Nimeukagua siku kwa siku. Nimeuchukua uwe wangu.

Nataka kusafiri. Wewe kazi yako hapo Da Nang ni kuwapangia wageni safari za kuitazama nchi yetu, basi nipangie na mimi. Ile karatasi yenu niliisoma: kuna safari ya wabeba mabegi, kuna ya matajiri, kuna ya kati. Mimi nataka ya kati. Nikiuza nguruwe wawili, pesa itatosha. Nataka kuiona Hue na makaburi ya wafalme, nataka kula vya huko kwa wenyewe, na nataka kupita mlima wa Hai Van kwa treni, mchana, dirisha la upande wa bahari. Baba yako alisema hakuna mahali pazuri kama pale.

Nijibu upesi.

Mama yako


Da Nang
20 Mei 2017

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi ni mzima, nakula vizuri, usijali. Kazi ni nyingi, msimu wa wageni umeanza na simu hainipi nafasi hata ya kunywa chai.

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Sikukatazi, ila tufikirie. Mwezi huo huku joto linaua. Goti lako. Vitanda vya treni. Halafu madhabahu ya wazee atabaki nayo nani? Wewe ndiye mke wa mtoto wa kwanza. Udi wa baba atauwasha nani asubuhi?

Tena baba mdogo amenipigia. Anasema mwezi ukijirudia na karamu ijirudie, babu asije akaona tumemdhulumu. Anataka trei sita za vyakula mwezi ule wa kwanza na trei sita ule wa pili. Najua wengine hawafanyi hivyo, lakini yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, tumbishie vipi?

Ngoja mwakani. Nikipata likizo nitakupeleka mwenyewe, tutakwenda kwa ndege, hutachoka.

Kula vizuri, Mama.

Mwanao, Toan


Hai Hau
2 Juni 2017

Toan,

Marahaba. Mimi mzima. Goti zima. Usiniulize tena habari za goti, halijawahi kukuuliza habari zako.

Mwakani! Hilo neno umelirithi. Baba yako alifanya kazi ya reli miaka ishirini na tisa, na kila mwaka walimpa tiketi moja ya bure ya mke, Nam Dinh mpaka Saigon, kwenda na kurudi. Kila mwaka aliiweka mezani na kusema, "Safari hii, Mui, twende." Na kila mwaka kulikuwa na karamu. Ya babu, ya bibi, ya baba wa babu, ya shangazi aliyekufa bila mtoto. Karamu tisa kwa mwaka, mwanangu, ukiacha mwaka mpya. Nani angechinja kuku? Khang? Khang hajui hata kuku ana shingo ngapi. Basi baba yako anacheka, anasema mwakani. Tiketi zote ishirini na tisa ninazo kwenye kopo la biskuti, hazijatobolewa hata moja. Kisha akafa.

Nilimpenda baba yako. Na nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia, na kila asubuhi namwashia udi nikiwa nimekasirika hivyo hivyo.

Sasa wewe unampangia Mjerumani siku tatu za Hue, unamchagulia mpaka bakuli la supu. Mama yako unampangia jiko. Karamu mara mbili haipo katika desturi yoyote, Khang anaitafuta kwa sababu anapenda supu yangu ya machipukizi ya mianzi. Wala si babu anayeitaka.

Huna haja ya kunipangia. Nimepanga mwenyewe, nyuma ya kalenda. Naondoka tarehe 28 Julai. Nguruwe nimeshawapatia mnunuzi.

Mama


Da Nang
14 Julai 2017

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Hukunijibu simu wiki tatu, ndiyo maana nami nimeshika kalamu. Samahani sikuja kwenye karamu ya babu. Matunda yalifika?

Baba mdogo amenisimulia. Ati uliandaa mezani kila kitu kama kawaida, watu wakala, wakasifu, kisha ukasimama na mwiko mkononi ukawaambia wazee wote, "Kuleni mshibe, maana mwezi ujao jiko hili limefungwa." Mama! Mbele ya wazee!

Amekasirika sana. Anasema mwanamke anayeiacha madhabahu hana haki nayo. Siku ya karamu ya pili, tarehe 3 Agosti, atakuja kulichukua bakuli la udi la baba, ambamo anasema roho ya kaka yake inakaa, alipeleke kwake, na likishaingia kwake halitatoka tena. Unaelewa? Utarudi ukute ukuta mtupu. Utakuwa unamwashia baba udi kwenye nyumba ya Khang, kwa ruhusa ya Khang.

Kwa ajili ya bakuli la supu la Hue?

Nakuomba uache. Ukiendelea, mimi simo. Stesheni ya Da Nang sitakuja kukupokea.

Toan


Hue
30 Julai 2017

Toan mwanangu,

Salamu kutoka Hue. Ni mzima kama chuma. Natumaini nawe ni mzima na hasira yako ni nzima.

Kitanda cha treni ni kizuri, cha katikati, si cha juu cha kupanda kama nyani wala cha chini cha kukaliwa na kila mtu. Nyumba ya wageni nayo ni ya kati: feni moja, maji ya moto, mwenye nyumba mmoja mwenye maneno mengi.

Jana asubuhi nilikula wali wa kombe wadogo wa mtoni kando ya njia. Wali wenyewe umepoa, kombe wenyewe kama kucha ya mtoto, nikajiuliza ni chakula gani hiki. Muuzaji alinisikia lafudhi. "Mama wa kaskazini, pilipili hii si yako."

Nikamwambia, "Weka."

"Utalia, mama."

"Nimepikia ukoo wa mume wangu miaka arobaini. Weka."

Akaweka. Nililia, Toan, machozi yalinichuruzika mpaka kidevuni, naye akacheka akaniletea chai bila kunidai. Nimerudi tena leo. Kuketi tu na mtu mwingine akakuletea bakuli mbele yako! Watu hufanya hivyo kila siku na hawasemi kitu.

Nilikwenda kwenye kaburi la mfalme. Nikajibanza nyuma ya kundi la wageni nisikilize maelezo bure. Mwongozaji akanitazama, nami nikamtazama, akaendelea. Alieleza habari za bwawa, za misonobari, za sanamu za mawe. Hakusema nani aliyekuwa akipika siku ya kumbukumbu. Nilimuuliza. Hakujua.

Kuhusu bakuli: Khang aje alichukue. Kabla ya kuondoka nilichota kijiko cha majivu ya udi kutoka humo, nikayatia kwenye kopo la biskuti pamoja na zile tiketi. Baba yako yuko kwenye mkoba wangu. Usiku nimemwashia udi dirishani, mwenye nyumba amekubali. Lakini sitakudanganya. Bakuli lile nililinunua mwenyewe, na nikirudi nikakuta ukuta mtupu nitaumia. Nitaumia, na bado nisingebaki.

Tarehe 2 napita Hai Van. Da Nang sitakusumbua. Nimepata chumba kwenye nyumba ya wageni mkabala na stesheni, ile yenye mlango wa kijani. Nitakaa siku kumi. Ukipita, pita. Usipopita, kuna bahari.

Mama yako


Hai Hau
4 Agosti 2017

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke ukiona nimeandika kutoka wapi. Nimekaa kwenye kile kigoda chako cha jikoni, na mgongo unaniuma. Unawezaje kukikalia siku nzima?

Barua yako ya Hue ilifika Jumanne asubuhi. Jioni nilikuwa kwenye treni. Bosi nimemwambia nina karamu ya ukoo. Hakupenda, shauri yake.

Nilitaka kupika trei sita ili baba mdogo akose neno. Mama, sijui niseme nini. Kuku nilimchemsha mpaka kichwa kikadondoka, nikakifunga na uzi wa kushonea. Wali wa kunata ulishika chini, juu ukabaki mbichi. Machipukizi ya mianzi sikujua kwamba yanalowekwa siku mbili. Nilianza saa kumi alfajiri, na saa tano nilikuwa na trei moja na nusu na kidole chenye jeraha la kisu. Wazee walikuja wakaketi. Hakuna aliyeinuka. Mmoja aliuliza vijiti vya kuchokolea meno viko wapi. Nimekula karamu hizi tangu nizaliwe, na mimi pia nilikuwa nauliza vijiti vya kuchokolea meno.

Wakala. Kisha baba mdogo akatoa kitambaa chekundu cha kufungia bakuli, akasogea kwenye madhabahu. Nikasimama mbele yake.

"Toka, mtoto," akasema. "Nyumba isiyo na mwanamke haina udi."

"Udi nimeuwasha mimi, baba mdogo. Asubuhi na jana."

"Kaka yangu hawezi kukaa kwenye nyumba tupu!"

"Hayumo," nikamwambia. "Kaka yako amesafiri na mkewe. Utabeba bakuli, yeye hutampata."

Nikaeleza habari ya kijiko cha majivu. Bibi Hoi, mwenye umri kuliko wazee wote, yule asiyeongea, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Akasema, "Amechelewa tu kuondoka huyo mwanamke." Baba mdogo akakikunja kitambaa akakiweka mfukoni. Akaondoka bila kuaga, ila supu alimaliza. Bakuli liko pale pale.

Mama, miaka tisa nimewapangia watu nisiowajua. Wewe uliniomba mara moja. Na ile sentensi ya stesheni, ningeweza kuifuta ningeifuta.

Ufunguo wa chumba changu uko kwa mwenye nyumba wangu, bibi Sau, anakusubiri. Hama hapo mlango wa kijani. Juu ya meza kuna karatasi: mpango wa siku kumi na nne, Da Nang mpaka kusini, daraja la kati. Niliupanga kwenye treni.

Mimi nabaki hapa na udi, ila niambie utarudi lini. Karamu ya mwezi mpevu wa mwezi wa saba ni tarehe 5 Septemba, na baba mdogo ameshaulizia nani atapika.

Mwanao, Toan


Da Nang
12 Agosti 2017

Toan mwanangu,

Marahaba, baba. Mimi ni mzima. Kidole chako kimepona? Kipake chumvi, usideke.

Barua yako nimemsomea bibi Sau, kisha nikaisoma peke yangu, nikalia, na safari hii hapakuwa na pilipili. Wewe ndiwe uliyesimama pale. Nisingeweza kukutuma, na hukutumwa. Asante, mwanangu.

Kuku hachemshwi kwa moto mkali. Maji yakianza kutetemeka unapunguza moto, unafunika, unamwacha. Na chumba chako ni aibu, nimekifagia. Tambi za pakiti nimezitupa.

Mpango wako ni mzuri ila una haraka, kama wa Mjerumani. Nimefuta makumbusho mawili nikaongeza soko la samaki la Quy Nhon. Hoi An umenipa siku moja, nimejipa tatu. Kesho naanza.

Tarehe 5 Septemba sitakuwepo. Sufuria kubwa iko chini ya kitanda changu, machipukizi yako kwenye gunia nyuma ya mlango, yaloweke tarehe 3. Khang mpe kisu, umwambie mimi nimesema amenye vitunguu. Akikataa, asile.

Sikukuambia habari za Hai Van. Treni ilipoanza kupanda nilifungua kopo nikaliweka dirishani. Bahari ilikuwa chini kabisa, na mlima juu, na reli inazunguka katikati. Baba yako hakutia chumvi. Majivu sikuyamwaga, maana bado tunasafiri.

Akapita kondakta, kijana mwenye kofia. Nilimpa tiketi yangu, kisha nikampa na ile ya mwaka 1980, ya kwanza kabisa, imeshakuwa ya njano. Akaigeuza geuza. "Mama, hii imekwisha muda miaka thelathini na saba."

Nikamwambia, "Najua. Toboa."

Akanitazama, akalitazama kopo, akatoboa.

Zimebaki ishirini na nane. Usinisubiri.

Mama yako