Wivu Wangu kwa Zawadi

Jumatano, Tanga. Joto limeganda tu, hata upepo wa bahari umegoma. Nimeamka na kinyongo.

Leo redioni kwetu tumemuaga Zawadi. Anakwenda Ulaya kuzungumza mbele ya waandishi wa nchi nyingi kuhusu usalama wetu kazini. Keki ilikatwa. Mhariri akasema, "Huyu ndiye fahari yetu." Nikapiga makofi kuwashinda wote, nisije nikajulikana.

Tuliajiriwa pamoja. Mimi bado natangaza bei ya machungwa ya Muheza. Yeye alikwenda kijiji cha pwani cha Ushongo kufuatilia wanaovua kwa baruti. Wakampiga, wakamvunjia kamera, wakampasua paji la uso. Tangu hapo jina lake halikauki midomoni mwa watu.

Nimelionea wivu hata kovu lake.

Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Tulipotoka akaniomba nimsindikize kwao, Usagara. Kila pikipiki ikipita, alinishika mkono. Nikamwamkia mama yake, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, macho yake mlangoni. Chumbani Zawadi akanionyesha ujumbe kwenye simu: "Ukirudi Ushongo, safari hii hatuvunji kamera."

"Mwanahamisi dada yangu, mimi huko sirudi," akasema. "Naenda kuwaambia watu wasiogope, na mwenyewe naogopa hata kwenda dukani. Lakini wapo wavuvi walio tayari kusema nani anauza hiyo baruti. Usipokwenda wewe, hakuna atakayekwenda."

"Kwa nini mimi?"

"Wanakusikiliza kila asubuhi. Sauti yako wanaiamini."

Siku zote nilitamani alicho nacho. Leo ananipa kwa mikono yake, na naogopa kukipokea. Hata hapo wivu haukunitoka: yeye anapanda ndege, mimi nabaki na watu wale.

Nikamwambia nitakwenda.

Jioni nimempigia mhariri. Nimemwambia siendi peke yangu. Nataka gari la ofisi, nataka mpiga picha, na nataka redio itangaze kwamba tuko Ushongo, ili kila mtu ajue tulipo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Na mimi nakuja."

Sijui kama ni ushujaa unaonipeleka au ni wivu. Nitakwenda nao huohuo.