Pipa la Mwisho la Anselme

Odile, siamini. Siamini kabisa.

Yule mwigizaji wetu, Solange, mwenye shamba hili la mizabibu, leo kafungua pipa la mwisho la mvinyo aliotengeneza mume wangu Anselme kabla hajafa. Kawaita watu wa televisheni. Akasema, "Mvinyo huu ni mtoto wangu. Nimeulea kwa mikono hii."

Mikono hii! Na kucha zile!

Nikamwambia taratibu, "Madamu, huu ni wa Anselme."

Akacheka. "Kweli mama, marehemu alinisaidia sana."

Eti alinisaidia, Odile!

Kisha wakaonja, wakatema wote kwenye ndoo. Najua ndiyo kazi ya kuonja, hata Anselme alikuwa akitema. Lakini huu hautakuwepo tena.

Nami nikapewa glasi. Solange akaninong'oneza, "Tema, mama, wanatupiga picha."

Nikameza.